Taa ya Duka Lako Inakula Kiasi Gani?



Katika duka wapo walaji wengi. Panya anakula unga usiku, nasi tunamtegea mtego. Mkopaji anachukua sukari halipi, nasi tunaandika jina lake kwenye daftari. Lakini yuko mlaji mwingine. Huyu tunamtazama kila jioni kwa macho yetu wenyewe, na wala hatumwandiki popote. Mlaji huyo ni taa.

Leo tutajifunza kuhesabu chakula cha taa. Somo hili ni la mwenye duka, mama lishe, kinyozi, muuza chapati wa barabarani na mvuvi wa dagaa. Hao wote wanafanya kazi baada ya jua kuzama. Kwa hiyo hao wote wananunua mwanga. Na kitu unachokinunua kila siku ni lazima ujue bei yake.

Chukua kalamu na daftari. Kama una umeme, chukua pia simu yenye ujumbe wa Luku. Kama unatumia mafuta ya taa, kumbuka ulinunua ya shilingi ngapi wiki iliyopita. Haya, tuanze.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, tuseme kwanza kosa letu.

Kikundi chetu cha kisomo kina duka dogo kando ya barabara. Mwanzoni tulifunga jua linapozama. Baadaye tulivuta umeme. Tukaweka balbu tatu, mbili ndani na moja kubwa nje. Tukaanza kuuza mpaka saa 4 usiku. Mauzo yakapanda, tukafurahi. Lakini kila mwisho wa mwezi tulipohesabu fedha na kulinganisha na daftari, fedha zilipungua. Zilipungua karibu shilingi 20,000, mwezi hadi mwezi.

Muuzaji wetu ni mama mjane tuliyesoma naye darasa moja. Watu wakaanza kunong'ona. Siku ya mkutano mzee mmoja akamwuliza waziwazi:

— Mama, hebu tueleze. Hela zetu zinakwenda wapi?

— Shikamooni wazee wangu. Hela nyingine nanunulia umeme. Ukiisha nanunua. Si mlisema duka lisikae giza?

— Umeme wa taa tatu tu? Taa tatu zile elfu ishirini? Mama, tusidanganyane.

Yule mama hakujibu tena. Aliweka funguo juu ya meza, akaenda zake nyumbani.

Kumbe ushahidi wake ulikuwemo katika simu ya duka. Kila aliponunua umeme, ujumbe uliingia. Ujumbe ule una tarehe, una fedha zilizolipwa, una uniti zilizopatikana, na zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Sisi sote tunajua kusoma, tena vyeti tunavyo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma ujumbe ule. Na katika daftari letu la matumizi hapakuwa na mstari wa umeme.

Kijana mmoja wa kikundi ndiye aliyeketi na simu ile akajumlisha. Mwezi mmoja duka lilikuwa limetumia uniti 53. Fedha zilizolipwa zililingana na zile zilizopungua. Yule mama alikuwa amesema kweli.

Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwake watu sita. Tulimwomba radhi. Tunashukuru kwamba alikubali kurudi. Lakini aibu ile tunaikumbuka, na ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Taa ilikuwa inakula, nasi tukamshika mtu.

WATI NA UNITI

Kila taa ya umeme ina namba. Namba hiyo inafuatwa na herufi W. Herufi hiyo maana yake ni wati. Watu wengi wanafikiri wati ni ukali wa mwanga. Sivyo. Wati ni ulaji. Taa ya wati 60 inakula zaidi kuliko taa ya wati 9. Kama inaangaza zaidi au haiangazi zaidi, hilo ni jambo jingine.

Umeme tunaununua kwa uniti, kama vile unga tunavyoununua kwa kilo. Uniti moja ni chakula cha wati 1,000 kwa saa 1. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 10, imemaliza uniti moja. Maana 100 mara 10 ni 1,000.

Sasa tuone kanuni. Ina hatua nne:

1. Zidisha wati za taa kwa saa inazowaka kwa siku.
2. Zidisha kwa siku 30.
3. Gawanya kwa 1,000. Hapo umepata uniti za mwezi.
4. Zidisha kwa bei ya uniti moja.

Bei ya uniti si sawa kwa wateja wote. Inategemea kundi la mteja. Katika somo hili tutachukua shilingi 350 kwa mfano. Wewe tumia bei yako. Lakini kumbuka kwamba fedha unayolipa haiwi uniti yote. Ndani yake hukatwa kodi, na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo. Kwa hiyo unaposoma ujumbe wako, usitazame fedha peke yake. Tazama uniti.

HESABU YA DUKA LETU

Ndani tulikuwa na balbu 2 za wati 60. Ziliwaka saa 4 kila siku, tangu saa 12 jioni hadi saa 4 usiku.

60 × 2 × 4 = 480

Nje tulikuwa na balbu 1 ya wati 100. Iliwaka usiku kucha, saa 12, kwa ajili ya ulinzi.

100 × 12 = 1,200

Jumla ya siku moja: 480 + 1,200 = 1,680
Kwa mwezi: 1,680 × 30 = 50,400
Kwa uniti: 50,400 ÷ 1,000 = uniti 50.4
Kwa fedha: 50.4 × 350 = shilingi 17,640

Uniti zilizobaki zilikuwa za redio na kuchaji simu. Basi ile fumbo ikafumbuka. Na tazameni tena hesabu hiyo. Taa iliyokula kupita zote ni ile ya nje, ambayo usiku wa manane ilikuwa inaangaza mbwa tu.

Tukaondoa balbu zile tatu. Ndani tukaweka taa mbili za LED za wati 9. Nje tukaweka moja ya wati 14. Mwanga ni ule ule. Hesabu ikawa hivi:

Ndani: 9 × 2 × 4 = 72
Nje: 14 × 12 = 168
Siku moja: 72 + 168 = 240
Mwezi: 240 × 30 = 7,200, yaani uniti 7.2
Fedha: 7.2 × 350 = shilingi 2,520

Toa 2,520 katika 17,640. Inabaki shilingi 15,120. Hiyo ndiyo fedha tuliyokuwa tukiichoma kila mwezi. Taa tatu tulinunua kwa shilingi 12,000. Mwezi wa kwanza haujaisha, taa zimekwisha jilipa. Kwa mwaka mzima, 15,120 mara 12 ni shilingi 181,440. Ndugu msomaji, hiyo ni mifuko mingapi ya sukari dukani?

KWA NINI BALBU YA ZAMANI NI MLAFI?

Mwulize mfugaji wa kuku. Vifaranga wakiwa wadogo wanahitaji joto. Mfugaji anafanyaje? Anatundika balbu kubwa ya zamani ndani ya banda, na vifaranga wanakusanyika chini yake. Hakuiweka ili vifaranga wasome gazeti. Ameiweka kwa ajili ya joto!

Basi hapo siri imetoka. Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa madini ndani ya kioo. Umeme unapopita, uzi unapata moto mkali mpaka unang'aa. Katika kila sehemu 100 za umeme unaoula, zaidi ya sehemu 90 zinakuwa joto. Mwanga ni zile chache zinazobaki. Balbu hiyo kwa kweli ni jiko linaloangaza kidogo. Kwenye banda la vifaranga inafaa. Dukani inakupasha joto usilolihitaji, nawe unalilipia.

Taa ya LED haina uzi wa kuunguza. Ina vipande vidogo vya madini maalumu vinavyotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Joto lake ni dogo. Taa za namna hii zenye mwanga mwekundu na kijani zilikuwako tangu zamani kwenye redio. Kikwazo kilikuwa rangi ya buluu, kwa sababu bila buluu hupati mwanga mweupe. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofaulu kutengeneza taa ya buluu yenye mwanga wa kutosha miaka ya mwanzoni ya 1990. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo kazi yao inaning'inia katika vibanda vyetu vya chipsi.

SOMA BOKSI KABLA HUJALIPA

Wengi wetu tukifika dukani tunauliza swali moja tu: "Ndugu, taa bei gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Wewe sasa unajua kusoma. Pokea boksi, ligeuze, soma mambo haya matano:

Kwanza, wati. Huo ni ulaji. Namba ndogo ni nafuu.

Pili, lumeni. Huo ndio mwanga wenyewe. Namba kubwa ni mwanga mwingi. Balbu ya zamani ya wati 60 inatoa lumeni 700 hadi 800 hivi. Tafuta LED yenye lumeni hizo. Kama boksi mbili zote zimeandikwa wati 9, moja ina lumeni 600 na nyingine 900, chukua ya 900. Zinakula sawa, lakini ya pili inaangaza zaidi.

Tatu, volti. Umeme wa nguzo unataka taa ya volti 220 hadi 240. Umeme wa sola ya betri mara nyingi ni volti 12. Ukikosea, taa itaungua au haitawaka kabisa.

Nne, saa za kuishi. Balbu ya zamani huishi saa 1,000 hivi. Ikiwaka saa 12 kila usiku, haimalizi miezi mitatu. LED nzuri huandikwa saa 15,000 au zaidi. Lakini maandishi ni maneno tu kama hakuna anayeyasimamia. Kwa hiyo soma jambo la tano.

Tano, dhamana na alama ya ubora. Kwa Tanzania tafuta alama ya TBS. Uliza, "Ikifa kabla ya mwaka nikurudishie?" Mwuzaji akicheka, nenda duka jingine. Akikubali, mwombe risiti yenye tarehe, uitunze.

KWA WANAOTUMIA MAFUTA YA TAA

Wapo wasomaji watakaosema, "Nyie mnasema habari za Luku, sisi huku tuna koroboi." Hatujawasahau. Nyinyi ndio mnaolipa mwanga kwa bei kubwa kupita wote.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki wa kukaanga kando ya njia. Anawasha chemli saa 4 kila jioni. Chemli yake inakunywa kama sehemu moja ya kumi ya lita. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Basi kila jioni anachoma shilingi 300. Mia tatu ni kidogo, haiumi. Lakini mwezi ni shilingi 9,000, na mwaka ni shilingi 108,000. Na kama ananunua kwa vichupa vidogo vidogo badala ya lita, bei inapanda zaidi. Taa ndogo ya sola ya mkononi ikiuzwa shilingi 36,000, atakuwa ameilipia kwa mafuta ya miezi minne tu. Baada ya hapo jua halimdai.

Mafuta ya taa hayatarudi kuwa kitu cha bei poa kama zamani. Hapo nyuma yaliuzwa chini sana kuliko dizeli. Kwa hiyo watu wasio waaminifu wakawa wanayachanganya kwenye dizeli. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Tangu hapo bei yake imekaa karibu na ya dizeli.

Tena fedha siyo jambo kubwa kupita yote. Koroboi haina kioo. Ikigongwa na mtoto au paka, inamwaga mafuta yakiwa na moto. Kibanda cha makuti au cha mabanzi hakingoji ndoo ya maji. Na moshi wake tunauvuta sisi, na watoto wanaolala nyuma ya kaunta. Asubuhi ukipenga kamasi ukaona nyeusi, ujue pua imekupa taarifa.

TAA ZA WAVUVI WA DAGAA

Biashara inayotegemea taa kupita zote pengine ni uvuvi wa dagaa. Tuende basi kando ya Ziwa Victoria. Dagaa wa ziwa hili, ambao Kenya wanawaita omena na Uganda mukene, huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anaweka taa juu ya vielea majini. Wadudu na dagaa wanafuata mwanga, kisha wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi inasimama, kwa sababu dagaa hawaoni haja ya taa ya mvuvi.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai ina mwanga mkali, lakini inakunywa sana. Tuseme mtumbwi una karabai 5, na kila moja inamaliza lita 1 kwa usiku. Hizo ni lita 5, yaani shilingi 15,000. Wakivua siku 20 kwa mwezi, ni shilingi 300,000. Fedha hiyo hutolewa kwanza, hata usiku ambao wavu umerudi mtupu. Kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye mtumbwi na vibarua. Basi karabai ni kama kibarua anayelipwa wa kwanza, apate asipate samaki.

Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za LED za betri, ambazo betri yake huchajiwa kwa sola ufukweni. Tufanye hesabu. Tuseme kuchaji taa moja ni shilingi 1,000. Taa 5 kwa siku 20 ni shilingi 100,000. Akiba ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kama taa 5 na betri zake zimenunuliwa kwa shilingi 500,000, zinajilipa kwa miezi miwili na nusu ya kuvua. Tena upepo hauzimi LED, wala tone la maji halipasui kioo chake. Na mafuta hayamwagiki ziwani, mahali tunapochota maji ya kunywa.

Lakini tahadhari iko. Mwanga mkali mno unaweza kuvuta samaki wachanga wa aina nyingine pia. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwulize afisa uvuvi au viongozi wa BMU wa mwalo wako ni taa za nguvu gani zinaruhusiwa. Usinunue kwanza ndipo uulize.

SOLA NI NZURI, UONGO NI MBAYA

Hapa tutaje kosa letu la pili. Baada ya kubadili taa za dukani, tulitaka taa ya sola kwa ajili ya uwanja wa mnada. Tukakuta moja kubwa, nzuri, boksi limeandikwa wati 200. Bei rahisi. Tukanunua mbio. Usiku wa kwanza tuliiwasha saa 1. Saa 3 ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, kisha ikazima.

Tungefanya hesabu, tusingenunua. Paneli yake ilikuwa na ukubwa wa daftari mbili zilizopangwa pamoja. Nyuma yake paliandikwa wati 10. Kwa siku ya jua zuri, paneli hupata kama saa 5 za jua kali. 10 mara 5 ni 50. Hicho ndicho chakula chote cha siku. Taa ya kweli ya wati 200 ingekimaliza kwa robo saa! Ilikuwa wazi kwamba ile 200 ni ya kwenye boksi tu. Paneli hiyo ya wati 10 ingeweza kulisha taa ya wati 5 kwa saa 7 hivi, ukitoa unaopotea njiani na kwenye betri. Hiyo ni kazi nzuri, lakini siyo wati 200.

Basi kwa sola, usisome taa peke yake. Soma paneli kwanza. Paneli ndiyo shamba. Shamba la nusu eka haliwezi kujaza ghala la eka kumi.

Na wanaochukua sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, nao wafanye hesabu. Shilingi 1,000 kwa siku kwa mwaka mmoja ni shilingi 365,000. Uliza bei ya fedha taslimu, kisha linganisha. Labda mkopo wa VICOBA ni nafuu zaidi, labda siyo. Hesabu itasema.

TAA ZENYE ZEBAKI

Kati ya balbu ya zamani na LED kuna taa za namna nyingine. Ni zile ndefu za bomba, na zile zilizosokotwa ambazo watu huziita enajiseva. Zinakula kidogo kuliko balbu ya zamani. Lakini ndani yake mna zebaki kidogo, ile ile wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba kutengeneza na kusafirisha taa hizo kutoka nchi hadi nchi kukome kabisa ifikapo mwisho wa mwaka 2027.

Kama unayo inayowaka, iache ifanye kazi yake. Ikivunjika, fanya hivi: toa watoto nje, fungua milango na madirisha, ngoja kama robo saa. Okota vipande kwa karatasi ngumu, usitumie mkono mtupu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Tia vyote pamoja na kitambaa ndani ya kopo lenye kifuniko. Usifagie kwa ufagio, maana utatawanya vumbi. Usichome moto.

Betri za sola nazo zisitupwe shambani wala motoni, na watoto wasizifungue. Mrudishie fundi au mnunuzi wa betri chakavu.

MWANGA WA BURE

Yapo mambo ambayo hayataki hata senti. Paka chokaa nyeupe ukutani, maana ukuta mweusi unameza mwanga. Pangusa taa vumbi kila wiki. Fungua dirisha mchana badala ya kuwasha taa. Ukiezeka upya, weka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga katikati ya mabati. Zima taa ya stoo ukitoka. Na taa ya LED usiifungie ndani ya kifuniko kisicho na hewa, kwa sababu joto ndilo linaloiua mapema.

LA KUFANYA WIKI HII

Fungua ukurasa mpya katika daftari la matumizi. Juu yake andika neno MWANGA. Kila ukinunua umeme au mafuta ya taa, andika tarehe, fedha, na uniti au lita. Mwisho wa mwezi jumlisha. Kama mnauza kwa kikundi, someni ukurasa huo mbele ya mkutano, muuzaji akiwapo. Ukurasa huo utalinda fedha zenu. Tena utalinda jina la mtu anayekaa nyuma ya kaunta.

MANENO YA SOMO HILI

Wati: kipimo cha ulaji wa taa au chombo cha umeme.
Uniti: kipimo cha umeme tunaoununua, sawa na wati 1,000 kwa saa 1.
Lumeni: kipimo cha mwanga unaotolewa na taa.
Paneli: ubao unaopokea jua na kulifanya umeme.
Dhamana: ahadi ya mwuzaji kubadilisha kitu kikiharibika kabla ya muda.

MASWALI

1. Kwa nini mfugaji wa vifaranga anapenda balbu ya zamani, na kwa nini mwenye duka asiipende?
2. Taja mambo matano ya kusoma kwenye boksi la taa.
3. Kinyozi ana balbu 2 za wati 40. Zinawaka saa 5 kila siku. Uniti moja ni shilingi 350. Kwa mwezi analipa kiasi gani? Akiweka LED 2 za wati 6, atalipa kiasi gani?
4. Mama wa chapati anatumia mafuta ya taa lita 4 kwa mwezi, lita moja shilingi 3,000. Taa ya sola inauzwa shilingi 36,000. Italipwa kwa miezi mingapi?
5. Jadilini katika kikundi: mzee aliyemwuliza muuzaji mkutanoni angefanya nini kwanza kabla ya kuuliza?

Majibu ya hesabu: Swali la 3, shilingi 4,200 na shilingi 630. Swali la 4, miezi mitatu. Swali la 5 halina jibu moja. Tuandikieni la kwenu, pamoja na hesabu ya taa za biashara zenu. Tutafurahi kuzisoma.